Mwewe wa Mama Mkwe

Nilipoolewa Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, miaka ya hamsini, nilimkuta mama mkwe haoni tena. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mume wangu alikuwa fundi cherehani na alishinda barazani kwa Mwarabu mmoja mwenye duka la vitambaa, kwa hiyo mchana tulibaki wawili, mimi na huyo mama, pamoja na kuku wake waliokuwa wakizurura uani hadi migombani.

Mwaka wangu wa kwanza kuku mmoja aliangua vifaranga kumi na mmoja. Kabla wiki haijaisha walibaki saba. Mwewe alikuwa akiwachukua, na kilichonitisha ni kwamba hakuna aliyelia. Nilikuwa nikiinama kuchambua maharage, nikiinua kichwa nakuta mmoja amepungua, na mama yao anaendelea kuchakura.

Nilijitahidi. Nilifunga kamba kutoka kwenye mparachichi hadi paa la jiko, nikaning'iniza vipande vya vitambaa alivyoleta mume wangu. Jirani akanishauri niwapake vifaranga dawa ya vidonda, ile ya zambarau, ili ndege asiwatambue. Nikawapaka. Kesho yake tukabaki na sita.

Ndipo mama mkwe akaniambia nimtolee kiti uani.

"We fanya kazi yako," alisema. "Mi nitakwambia saa ya kufunika."

Nilicheka kimoyomoyo. Lakini asubuhi ileile alisema kwa sauti ndogo, "Funika," nami nikawafunikia vifaranga tenga. Muda si muda kivuli kikapita juu ya ua, kikazunguka mara mbili, kikaelekea ziwani. Ikawa hivyo siku nyingi. Hakukosea hata mara moja.

Nilimuuliza anajuaje.

"Kuku wanaacha kukwaruza," alisema. "Na uso yangu inapata baridi."

Halafu likaja juma ambalo moshi wa Nyiragongo, ule mlima wa moto, ulishuka ukakaa juu ya mji. Jua lilikuwa jekundu mchana kutwa, na nguo nilizoanika zilishika vumbi jeusi. Siku ya kwanza ya moshi mama mkwe alisema funika, nikafunika, nikatazama juu. Hapakuwa na kitu.

"Ameenda, mama?"

"Hapana. Iko hapa."

"Wapi? Mbingu ni tupu."

"Haiko mbinguni. Iko karibu. Inatuangalia."

Siku ya pili yakawa maneno yaleyale. Siku ya tatu sikuangalia mbinguni tena. Nilipitisha macho polepole juu ya paa, kwenye migomba, kisha kwenye mparachichi, nikamwona. Alikuwa ametulia kwenye tawi la chini, katikati ya vitambaa vyangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kwa mpini wa jembe. Hakuwa akitazama tenga. Alikuwa akimtazama mama mkwe usoni. Naye mama mkwe alikuwa amemwinulia uso, macho yake meupe wazi, hapepesi.

Nilisimama palepale.

Mwewe akajiachia. Alipita chini ya kamba bila kupiga bawa, moja kwa moja hadi mapajani kwa mama mkwe, naye akamtupia kanga yake kama mtu aliyekuwa akimsubiri. Nilipofika, kucha zilikuwa zimemwingia kiganjani na damu ilikuwa inadondoka. Mkono mwingine ulikuwa umeingia ndani ya kanga, unampapasa ndege kichwani.

"Nilete panga, mama?"

"Hapana. Moyo wake inaenda mbio sana."

Kisha akaifungua kanga. Ndege aliruka juu ya migomba, akapotelea ndani ya moshi.

Jioni mume wangu alighadhibika kusikia mwewe ameachiwa. Jumapili hiyo alijenga kibanda cha mianzi, akakiezeka, na vifaranga sita wote wakakua humo. Mwewe yule sikumwona tena.

Lakini mama mkwe hakutaka tena kukaa uani. Nilipomtolea kiti alishika mlango, akakataa. Nilidhani anaogopa kuumizwa. Siku moja, nikimsafisha kidonda, nikamuuliza kwa nini.

"Nilipomushika, niliona," alisema.

"Uliona nini, mama?"

"Uwanja. Kamba na vitambaa. We umesimama na mikono kifuani. Na bibi mumoja wa macho meupe kwenye kiti, ananiangalia."

Mikono yangu ilikuwa kifuani kweli siku ile, na sikuwahi kumwambia mtu. Nilimaliza kufunga kidonda. Yeye akaniomba nifunge dirisha, nami nikalifunga, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na chumba kilikuwa na joto.