Bi Zuhura Mbele ya Kamera Mbili

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, sina wa kumlaumu. Miaka ya themanini nilikuwa na studio ya picha Malindi, na mgeni mmoja wa hotelini aliniachia kidude cha plastiki chenye matundu mawili: unatia picha mbili, kila jicho na yake, ukichungulia kitu kinatokeza hata unataka kukishika. Alinionya kamera mbili zikae karibu karibu kama macho ya mtu yalivyo, lakini mimi (fundi nisiyeambilika!) nilizifunga ubaoni zimeachana shubiri mbili, nikapiga magofu ya Gede nimesimama mbali, yakatokeza ajabu, basi nikaona yule mgeni hajui kitu.

Ndipo jirani yetu Bi Zuhura akaniita. Alikuwa hawezi, hatoki kitandani, na mwanawe Salimu yuko Jeddah mwaka wa tisa, barua haleti.

"Nipige picha, mwanangu," akaniambia. "Salimu akija asinikute, anione namtazama, ajue niko radhi naye."

Kufungua ule ubao na kuzisogeza kamera karibu niliona uvivu, nikazigeuza tu zimwelekee, moja huku moja kule, nikamwambia atazame katikati.

Salimu alifika siku ya hitima, mamake keshazikwa. Nami mbele ya watu wote nikampa kile kidude, najigamba, "Chungulia, utamwona kama yu hai!"

Akachungulia. Akamwona mamake mdogo kama mwanasesere, halafu wakawa wawili. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili.

"Mbona hanitazami?"

Angemtazamaje, na mimi nilimwambia atazame ukuta ulioonekana baina ya kamera? Kila picha ilimpata ubavuni, macho yanakupita. Nikaanza kueleza kuwa lenzi ziliachana mno kwa mtu aliye karibu, nimeweka vidole viwili mbele ya pua kama mwendawazimu, hata ami yake Salimu akanikatiza, "Kaa kitako, bwana, hapa pana msiba."

"Alisema yuko radhi nawe," nikamwambia Salimu. "Wallahi alisema."

"Hayo maneno yako, ndugu yangu. Mama ndiye huyu, na hataki kuniona."

Akarudi Jeddah juma lile lile. Ubao niliuvunja, na sijampiga tena mtu picha ya kamera mbili, wala sitampiga. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu zima, aliyevunjika ni Salimu.