Mbuzi ya Kushukuru

Papa yangu alipata krizi ya roho, akalala wiki mbili mu hopitali. Dokta akatuelezea: mafuta inashikamana mu mishipa ya roho, njia ya damu inakuwa ndogo. Akamuandikia kinini moja ya kumeza kila mangaribi, ya kushusha kolesteroli. Mi masomo niliacha katikati, lakini nasomaka kila kitu mu telefone. Hii nilisoma mupaka bale ba iniversite bananiuliza mi.

Maman akapunguza mafuta ya mawese mu mboga ya sombe. Papa akanuna, akakula. Kisha miezi kupita, bakamupima damu tena: kolesteroli imeshuka. Dokta akasema wazi: "Papa, kinini njo inaishikilia chini. Ukiacha, itapanda."

Papa alisikia neno moja tu: imeshuka.

Akatoa mbuzi ya kushukuru. Siku ya Mungu akasimama mbele ya kanisa muzima, pale kwetu Bagira, mbuzi inalia nyuma yake. "Nilikuwa nakufa. Mungu ameniponya." Bamama bakapiga bigelegele. Na mi nililia, sitaficha.

Ile mangaribi nikamuletea kinini na maji. Akakataa.

"Mutoto yangu, nimeshashukuru. Nikimeza tena, ni sawa namunyanganya Mungu mbuzi yake."

Tukagombana wiki muzima. Mi sijuake kusema chini. Majirani bote balijua kolesteroli ni nini juu ya makelele yangu. Mwisho akachoka na kelele, akaanza kumeza.

Halafu tonton, mudogo ya papa, akakuja kula kwetu na bashemeji. Akaona paketi ya dawa kwa meza.

"Ah, grand, kaka yangu! Bado uko unameza? Basi padiri aturudishie mbuzi. Hata kichwa tu, tutapika!"

Bote bakacheka. Papa akaangalia miguu yake.

Kumucheka papa yangu, mbele yangu? Damu ikanipanda. Nikakamata ile paketi, nikatia mu mufuko yangu, nikapiga meza.

"Papa yangu hasemake uongo! Alisema amepona, amepona! Hii dawa ni yangu!"

Papa akainua kichwa. Tangu hopitali sikumuona na furaha ya vile.

Kesho yake nikaleta kinini na maji.

"Ulisema mbele ya batu," akaniambia polepole. "Unataka tukuwe baongo babili?"

Niliomba musamaha. Nilimuleta tonton, naye akaomba. Nilimuleta padiri, akasema na dawa pia ni ya Mungu. Papa akajibu ndio padiri, ndio padiri. Hakumeza.

Sasa tukitoka soko namubebeaka mufuko. Katikati ya mupando ya mulima anasimama, mukono kwa kifua.

"Papa, ni nini?"

"Naangalia ziwa."

Miaka yote tunapita pale, hajasimamaka kuangalia ziwa. Nasimama pembeni yake, naangalia na mi.