Tundu la Bibi Kwenye Jengo la Baraza

Wiki iliyopita niliingia tena kwenye jengo la zamani la baraza, Kilosa, safari hii nikiwa mjumbe. Kitu cha kwanza nilichotafuta, na usinicheke, kilikuwa tundu.

Sijui kama unalikumbuka jengo lile. Kuta za mawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono, matao mbele, na chini ya kila dirisha tundu la hewa, usawa wa goti. Wajerumani walilijenga, Waingereza wakalifanya mahakama, na baada ya Uhuru likawa letu. Sisi tuliliita bunge. Wanaume waliketi ndani. Wanawake walibaki kibarazani wakichambua kunde, nami nikiwa kando ya bibi, nikitafuna nyingi kuliko nilizotia kwenye ungo.

Aliyenishangaza ni babu. Alikuwa mzito wa kila jambo, ila siku ya baraza alifika kabla ya wote, akaketi palepale, mgongo kwenye tundu. Bibi naye, kule nje, hakukubali kukaa kwingine. Kwa nini? Nilipouliza, alinijibu, "Una macho, angalia." Basi nikaangalia.

Siku moja mwenye shamba kando ya mto Mkondoa aliomba kufunga njia ya mtoni, alime mpaka ukingoni. Njia hiyo ndiyo tuliyopita sote kuteka maji. Nyingine ilikuwa mbali, kule ng'ambo ya reli. Ndani wazee wakaanza kukubali. Kibarazani mikono ikaacha kuchambua. Bibi akainama kama anayeokota ganda, mdomo kwenye tundu.

"Muulize mkewe atateka maji wapi."

Mara ikasikika sauti ya babu: "Naomba kuuliza. Hivi mkeo atateka maji wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenye shamba akaketi, njia ikabaki. Jioni majirani walikuja kumsifu babu kwa busara zake, naye akazipokea sifa zote. Bibi alimpakulia ugali kama kawaida. Mimi nilitaka kupasuka.

Sasa ndani mna vigae na feni, na matundu yamezibwa kwa saruji. Wanawake tunaketi ndani, na ninafurahi sana. Nilipapasa ukuta, nikakisia mahali, nikaketi alipoketi babu. Ajenda ya tatu ilikuwa njia ileile: kijana mmoja anataka kujenga fremu za maduka. Nikasimama, nikamuuliza swali nililolitunza tangu utotoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mke wangu anachota bombani, mama. Bomba liko uani."

Wakacheka, nami nikacheka kidogo. Njia ikafungwa.

Niliketi kwa uchungu, nikaegemeza kichwa kwenye ile saruji. Bibi angekuwa na swali jingine.