Kura ya Vikombe

Katika shule ile hakuna aliyejua idadi ya wanafunzi kumshinda Mama Vikombe. Mkuu wa shule alikuwa na daftari lake, walimu wa zamu walikuwa na orodha zao, na kila mmoja alitaja idadi yake bila haya. Mama Vikombe alikuwa na misumari. Ukuta mzima wa banda la chai ulipigwa misumari kwa mistari, mia nne na kumi na miwili, na kila msumari ulikuwa na kikombe chake cha bati. Kila kikombe kilikuwa na namba iliyopakwa rangi nyekundu kwenye kitako. Mwanafunzi akiingia shule anapewa kikombe, akiondoka anakirudisha. Hesabu imekwisha.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Wakuu wa shule saba walipita, wote wakanywa chai yake, wote wakaahidi kumwezekea banda upya. Mvua ikinyesha bado alisogeza sufuria.

Mjukuu wake, mtoto wa binti yake, alikuwa kidato cha tatu, kikombe namba mia mbili na sita. Wenzake walimwita Spika, maana tangu darasa la kwanza hajapata kukaa penye mazungumzo bila kuyaongoza. Nyumbani bibi na mjukuu walilala chumba kimoja. Shuleni Spika alimwamkia bibi yake kwa nusu mdomo, huku anapita, kama watu wanavyomwamkia mlinzi wa getini.

"Bibi, usiniite 'mama' mbele ya watu," alimwambia siku moja njiani.

"Nikuite nani sasa? Mheshimiwa?"

"Niite jina langu tu."

"Jina nilikupa mimi. Nitalitumia nikipenda."

Basi, mambo yalianza pale Mwalimu wa Uraia alipotoka semina. Mtu akitoka semina ni wa kukaa naye mbali angalau wiki mbili, lakini wanafunzi hawakuwa na pa kukimbilia. Akawapa mradi: wachunguze, kwa ubunifu wao wenyewe, jinsi dijitali inavyobadilisha namna watu wanavyoishi pamoja na wanavyoamua mambo yao. Simu, ambazo wiki iliyotangulia zilikuwa zinanyang'anywa getini kama bangi, zikaruhusiwa. Spika akachaguliwa kuongoza mradi. Nani mwingine?

Ubunifu ukamwagika. Kundi moja lilitengeneza simu ya maboksi yenye urefu wa mlango, na pale kwenye kioo wakabandika kioo cha kujitazamia. Watu walipanga foleni kutengeneza nywele. Kundi jingine liliigiza familia inayokula mezani bila kusemezana, kila mtu na simu yake. Mchezo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa watazamaji wote walikuwa wanaurekodi na mikono haikuwa na nafasi.

Siku ya maonyesho wakamfuata Mama Vikombe, wakamwomba akae kwenye kiti kando ya ukuta na birika lake. "Ukae tu, mama, usifanye kitu." Akakaa. Watu wakapita, wakapiga naye picha, wakatabasamu. Baada ya saa nzima akageuka, akaona karatasi iliyobandikwa juu ya kichwa chake. Akaisoma taratibu, herufi kwa herufi: MAWASILIANO KABLA YA DIJITALI.

"Kumbe anajua kusoma!" mwanafunzi mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Na kusikia pia najua," akasema Mama Vikombe. Akachukua birika lake, akaenda zake.

Hilo angelisamehe. Lililomkaa kooni lilikuja siku iliyofuata. Ili mradi ukamilike, Mwalimu alitaka wanafunzi wapige kura ya kweli kwa simu, juu ya jambo la kweli. Mkuu wa shule akawapa jambo: kompyuta kumi za msaada zimepatikana na hazina pa kuwekwa. Je, banda la chai livunjwe pajengwe chumba cha dijitali, au banda libaki? Likivunjwa, chai hakuna. Na chai ikiwa hakuna, Mama Vikombe wa nini?

Mwenyewe hakuulizwa. Linki ilitumwa kwenye grupu la wanafunzi, naye simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupokea habari za misiba na harusi. Kura ilidumu siku tatu. Siku hizo tatu alimimina chai na kuwatazama wakibonyeza, wakicheka, wakibonyeza tena, kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili. Hakuna aliyemtazama usoni. Nyumbani Spika alijifunika shuka mpaka kichwani, mwanga wa simu ukipenya kama taa ndani ya hema.

"Spika."

"Bibi, nimelala."

"Shuka lako halijalala."

Siku ya nne shule nzima ikakusanywa uwanjani. Spika akapanda jukwaani na karatasi, akasoma kwa sauti iliyonyooka: chumba cha dijitali, kura mia nane sabini na moja. Banda la chai, kura thelathini na mbili. Jumla, mia tisa na tatu.

Mkuu wa shule akanyakua kipaza sauti. "Ushiriki wa asilimia mia mbili na kumi na tisa!" akatangaza. "Haijawahi kutokea hapa kwetu!"

Makofi yakapigwa. Mwalimu wa Uraia alivua miwani akafuta machozi. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa banda, mkono uliolowa maji ya kuoshea ukainuka.

"Samahani, Mkuu. Hao watu wengine wanakunywa chai wapi?"

"Watu gani, mama?"

"Mimi nina vikombe mia nne na kumi na viwili, na hakuna kisicho na mwenyewe. Hizo mia nne na tisini na moja zilizozidi ni za nani? Niwaongezee majani?"

Kicheko kilianzia mistari ya nyuma, kikapanda mpaka jukwaani. Spika akatazama karatasi yake kama anaiona kwa mara ya kwanza. Ukweli ukaanza kutoka kidogo kidogo: linki haikuuliza jina wala namba, ukibonyeza unaweza kubonyeza tena, na iliwafikia mabinamu, mashemeji, na shangazi mmoja aliyekuwa ng'ambo, ambaye alipiga kura tisa na kuuliza shule hiyo iko wapi.

Mwalimu akavaa miwani. "Turudie," akasema. "Lakini turudie vipi?"

"Kwa vikombe," akasema Mama Vikombe. "Kila mtu anacho kimoja. Hakuna shangazi mwenye kikombe hapa."

Mwalimu akalipenda wazo hilo mpaka akalichukua likawa lake. Akapanga mwenyewe utaratibu: saa nne kila mwanafunzi ataingia bandani peke yake, atachukua kikombe chake ukutani na kukiweka kwenye meza ndefu. Anayetaka banda libaki ataweka mdomo juu. Anayetaka livunjwe atakifunika mdomo chini. "Na kura ni siri," akakaza. "Wewe, mama, utageukia dirishani."

"Nitageuka," akasema Mama Vikombe. Na kweli aligeuka. Alisimama dirishani saa nzima, akisikia nyuma yake bati linagonga mbao, kah, kah, kah, wala hakutupa jicho upande ule.

Walipomaliza, Mwalimu alimwambia ageuke. Akageuka.

Vikombe vilivyotolewa ukutani vilikuwa mia mbili thelathini na vinane. Mia moja sabini na vinne vilibaki vinaning'inia. Wenye vikombe hivyo, waliokuwa mashujaa wa kubonyeza, walisema jua lilikuwa kali kusimama foleni. Mdomo juu, mia moja ishirini na saba. Mdomo chini, mia moja na kumi na moja. Banda likapona kwa vikombe kumi na sita.

Lakini siyo hilo lililomfanya Mama Vikombe akae kwenye kigoda, akajifunika uso na kanga, akacheka mpaka mabega yakamtetemeka. Mwalimu, pamoja na semina yake yote, alisahau kuwa namba iko kwenye kitako. Kikombe kikikaa mdomo juu, namba haionekani. Kikifunikwa, kitako kinatazama dari. Wote waliotaka aondoke walikuwa wamelala pale mezani, wamepanga namba zao nyekundu, na hakukuwa na namba ambayo yeye hakujua uso wake.

Katikati ya meza, kimefunikwa sawasawa: mia mbili na sita.

Kicheko kikamkatikia hapo hapo.

Aliosha vikombe, akavitundika. Kesho yake habari ya vitako ilikuwa imeenea shule nzima, na hapo ndipo alipoona maajabu. Walikuja mmoja mmoja kwenye dirisha la chai, sauti za asali. "Mama, mimi nilikutetea." "Mama, mimi siwezi kukufunikia wewe, wallahi." "Mama, kama ulikiona changu kimefunikwa, kuna mtu alikigeuza." Katika wiki moja waliapa thelathini na tisa, na thelathini na nne kati yao walikuwa wamefunika. Mama Vikombe aliwamiminia wote sawasawa. "Asante, mwanangu," alimwambia kila mmoja, huku akimtazama sekunde moja zaidi ya inavyovumilika. Wengi waliiacha chai nusu.

Kwenye ubao wa ofisi pakabandikwa picha kubwa ya meza ya vikombe, na chini yake: KURA YA VIKOMBE, UBUNIFU WA MWALIMU NA WANAFUNZI. Mradi ukapata cheti. Kompyuta zikawekwa stoo.

Ijumaa, baada ya kengele ya kwenda nyumbani, Spika akaja bandani. Hakupita nyuma kama siku zote. Alisimama dirishani, mahali ambapo shule nzima ingemwona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mimi nilifunika."

Mama Vikombe aliendelea kusugua sufuria.

"Nazitaka zile kompyuta, bibi. Bado nazitaka. Na kule kwenye simu nilibonyeza mara kumi na moja. Hiyo ndiyo ninayoiombea radhi. Hii ya kikombe, hapana."

Sufuria ikanyamaza. Mama Vikombe alimtazama mjukuu wake kuanzia viatu mpaka nywele, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma tangazo lenye maandishi madogo.

"Watu mia moja na kumi na moja," akasema, "na wewe peke yako ndiye uliyeweza kusema."

"Umekasirika?"

"Sana."

Akanyoosha mkono ukutani, akashusha kikombe namba mia mbili na sita. Ndani kilikuwa na masalia ya majani ya chai ya juzi, yamekauka yakagandamana. Kati ya vyote, hicho tu ndicho alichokitundika bila kukiosha.

"Ingia, mheshimiwa," akasema, akampa na kipande cha sabuni. "Kioshe mwenyewe."