Nani Aliupanda Mpeasi wa Shule

Nina tabia moja mbaya ambayo nimeshindwa kuiacha: nikishaandika kitu kwa kalamu nyekundu, siamini kwamba kinaweza kuwa kosa. Ndiyo maana mwalimu mkuu aliponiita ofisini na kuniambia niandae darasa la Jumamosi la Maarifa ya Jamii, kwa watoto wa darasa la sita wenye vipaji, sikujiuliza hata mara moja kama naweza. Nilimuuliza tu kama chaki zipo.

Shule yetu iko Lushoto, upande wa Vuga, juu kidogo ya barabara, na asubuhi ukungu huingia darasani bila kupiga hodi. Watoto husoma wamejikunyata ndani ya masweta mpaka saa nne. Nimefundisha hapo miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilisoma hapo hapo. Nilikuwa mtoto wa maswali. Siku moja nilimuuliza mwalimu wangu wa darasa la tano, yeye alijuaje kwamba hayo anayotufundisha ni kweli, nikapigishwa magoti kwenye kokoto mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kwa hiyo darasa hili la Jumamosi nililitaka kuliko mwalimu mkuu alivyojua. Nilitaka kuwe na chumba kimoja, siku moja kwa wiki, ambapo mtoto akiuliza hapigishwi magoti.

Tatizo lilikuwa mwalimu wa hisabati. Ni kijana mrefu, mtoto wa wakulima wa chai wa Mponde, mpole kwa kila mtu isipokuwa mtu anayesimama kati yake na kipindi cha ziada. Naye aliitaka Jumamosi. Mwalimu mkuu, ambaye hapendi kugombana na yeyote, akaamua hivi: mimi nianze, na wiki ya sita mgeni kutoka mkoani atakuja kuangalia kipindi. Mgeni akiridhika, Jumamosi ni yangu. Asiporidhika, Jumamosi inakwenda kwa hisabati.

"Hakuna kinyongo, dada," mwalimu wa hisabati aliniambia.

"Kinyongo cha nini?" nilimjibu, nikiwa nimejaa kinyongo hadi kooni.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwapata hao wenye vipaji. Nilitangaza mstarini, na kesho yake nikaletewa vipaji vya kila namna. Mwalimu wa michezo aliniletea mtoto anayeweza kudondosha peasi kwa jiwe moja akiwa ng'ambo ya uwanja. Mama mmoja alipanda mlima kuja kunieleza kwamba mwanawe ana kipaji cha kula, na wala hakuwa anatania. Mwisho nikaamua kuwaita mmoja mmoja na kuwaambia kitu kimoja tu: niulize swali ambalo hujawahi kumuuliza mwalimu yeyote. Wengi waliniuliza mji mkuu wa nchi fulani. Msichana mmoja mwembamba, mwenye daftari nene lililofungwa kwa kamba ya katani, aliniuliza kwa nini kengele ya shule ni ringi ya lori, na lori lenyewe lilienda wapi. Mvulana mmoja aliniuliza kama nami nilikuwa na kipaji nilipokuwa mdogo, na kama nilikuwa nacho, kilipotelea wapi. Wote wawili niliwachukua, yule wa pili kwa shingo upande. Nikapata kumi na wawili.

Kisha nikakaa kuandika andalio la somo la siku ya mgeni. Niliandika kama mtu anayepamba nyumba ya harusi. Mada: vyanzo vya historia. Zana: mti. Nyuma ya ofisi yetu kuna mpeasi mkubwa, wa zamani kuliko bati la shule, na kila mtoto wa kijiji hiki amewahi kuiba tunda lake. Swali la utafiti likawa moja: nani aliupanda mpeasi wa shule? Wanafunzi wangeenda kuwauliza babu na bibi zao, wangeandika simulizi, wangelinganisha, na mwishoni wangefikia jibu. Na jibu mimi nilikuwa nalo. Nililiandika chini, kwa kalamu nyekundu, mbele ya maneno "jibu tarajiwa".

Jibu lenyewe ni hili. Zamani za ukoloni alikuja mkusanya kodi, amevaa kofia ngumu, na mkononi ana fimbo mbichi ya mpeasi. Alipofika pale ilipo shule alichomeka fimbo ardhini ili apate kufungua daftari lake la kodi. Nyuki wakamtokea. Akakimbia mpaka bondeni na hakurudi tena, na fimbo ikabaki pale ikachipua. Hii habari alinisimulia bibi yangu mzaa mama nikiwa na miaka saba, tumekaa jikoni tunapukuchua maharage. Namkumbuka vizuri. Sura yake haikutikisika hata kidogo. Alinieleza hadi rangi ya soksi za yule mkusanya kodi.

Nilikuwa nimeifundisha habari hiyo kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimeiweka chini ya kichwa cha harakati za kupinga ukoloni. Niliitungia swali kwenye mtihani wa kumaliza muhula, na watoto walichora nyuki. Mwaka mmoja kijana fulani aliandika "Sijui" nikampa sufuri, tena kubwa, maana nilimwona kama mtu asiyejali historia ya kwao.

Mwalimu wa hisabati alisoma andalio langu ofisini, kikombe cha chai mkononi, akaguna.

"Dada, mpeasi hauchipui kwa fimbo. Mpeasi unabebeshwa juu ya shina la mti mwingine."

"Wewe ni mtu wa chai," nilimwambia. "Tuachie mapeasi sisi."

Nilijua ni wivu.

Watoto wakaenda kwa wazee wao, na Jumamosi iliyofuata wakarudi na majibu kumi na mawili. Niliyasoma moja moja, kalamu nyekundu mkononi. Babu mmoja alisema aliubeba mpeasi mgongoni kutoka Tanga, kwa miguu, ukiwa tayari na matunda. Bibi mmoja alisema mbega alitema kokwa. Wazee wa Kiislamu karibu wote walisema mti ulipandwa na mwalimu wa madrasa, na wazee wa Kilutheri wakasema ni mchungaji. Babu mmoja aliyeoa upande mmoja na kuozesha binti upande wa pili alisema waliupanda wote wawili, mmoja ameshika mche, mwingine anafukia. Nyuki hawakuwamo. Mkusanya kodi hakuwamo. Fimbo hakuna.

Sikujali sana. Nilijiambia wazee wamesahau, na kwamba siku ya mgeni nitawaongoza watoto taratibu mpaka kwenye jibu. Nikawaambia walinganishe simulizi zao wenyewe wiki ile, mimi nisiwaingilie, kwa kuwa nilisoma kwenye semina fulani kwamba watoto wenye vipaji waachwe wafikiri. Niliwaacha. Hilo ndilo kosa nililolifanya vizuri kuliko yote.

Mgeni alifika saa tatu, mama wa makamo, amevaa makoti mawili moja juu ya jingine, akilalamika kwamba hakuambiwa Lushoto kuna baridi ya hivi. Watoto walisimama wakasema shikamoo kwa pamoja mpaka vioo vikatetemeka. Akakaa nyuma, na mwalimu mkuu kushoto kwake. Kulia akakaa mwalimu wa hisabati, ambaye hakualikwa. Nikampa mgeni andalio langu la somo. Nilikuwa nimelipigia mstari kwa rula.

Wa kwanza kusimama alikuwa yule mvulana aliyeniuliza kipaji changu kilipotelea wapi.

"Mtoa habari wangu," alisoma kwa sauti ya kutangaza mpira, "ni mke wangu."

Mgeni aliinua kichwa. "Mke wako?"

"Ndiyo, mama. Ana miaka themanini na mbili. Ananidai kitenge."

"Bibi mzaa baba," nilisema haraka, na darasa likacheka, na mgeni naye akacheka, maana kwao pia bibi ni mke wa mjukuu. Nikapumua. Niliona Jumamosi yangu inanijia yenyewe.

Walisoma wote kumi na wawili. Mgeni alikuwa akiandika, akifuta machozi ya kicheko, akiandika tena. Wa mwisho alipomaliza, mgeni akauliza, "Sasa, wanangu, nani aliupanda?"

Nikafungua mdomo ili nianze kuongoza taratibu. Yule msichana wa daftari nene alikuwa ameshasimama.

"Mama, wote wametutania," alisema. "Tulijua tangu siku ya kwanza. Babu au bibi halazimiki kumwambia mjukuu ukweli. Ni mtani wake. Akikudanganya inabidi na wewe umjibu, ndiyo mnapendana hivyo."

"Mlijuaje?"

"Babu yangu aliniambia aliubeba kutoka Tanga ukiwa na matunda. Nikamwambia, babu, wewe hata ndoo ya maji unanisubiri mimi. Akacheka mpaka akakohoa."

Akaeleza kwamba Alhamisi, baada ya shule, kumi na wawili wote walikwenda kwa shangazi zao, kwa sababu shangazi hatanii, shangazi anasema kitu kama kilivyo na kama hukipendi shauri yako. Mashangazi tisa walipatikana. Wote tisa walijibu kitu kimoja: hatujui, mti tuliukuta. Msichana akaandika ubaoni jibu la utafiti wao, kwa herufi kubwa: HAIJULIKANI.

Mgeni aliinamia andalio langu. Akarekebisha miwani. "Lakini mwalimu hapa ameandika jibu," alisema, na kabla sijamzuia alianza kusoma kwa sauti. Alisoma kofia ngumu. Alisoma fimbo. Alisoma nyuki. Alipofika kwenye soksi, maana hata soksi nilikuwa nimeziweka, sauti yake ilianza kuyumba.

Hakuna mtoto aliyecheka, na hicho ndicho kilichoniuma. Yule msichana alinyoosha mkono kwa adabu.

"Mwalimu, samahani. Mtoa habari wako ni nani?"

Mimi ndiye niliyewafundisha kuuliza hivyo. Nilikuwa nimeliandika swali hilo ubaoni Jumamosi ya kwanza na kulizungushia duara.

"Bibi yangu," nilisema.

"Alikuwa anakuitaje?"

Nilitazama dirishani. Mpeasi ulikuwa pale pale. "Mke mwenzangu."

Msichana aliinamisha macho. "Pole, mwalimu," alisema.

Hapo mwalimu mkuu alitoka nje kwa haraka akisema ameitwa na mtu. Mwalimu wa hisabati alilaza kichwa juu ya dawati na mabega yake yakawa yanaruka. Mgeni alivua koti la juu kwa sababu kicheko kilimtia joto. Mimi nilibaki nimesimama na chaki mkononi, nikifikiria miaka kumi na minne ya nyuki. Na nikamfikiria yule kijana wa "Sijui". Katika watoto wote niliowahi kuwafundisha mti huo, yeye peke yake ndiye aliyepata, na mimi nilimpa sufuri kwa kalamu nyekundu. Niliona aibu kweli, si ya kuchekesha. Nilijiona nimesimama juu ya zile kokoto, ila safari hii mimi ndiye mwalimu.

Mgeni aliandika kwenye kitabu cha wageni sentensi mbili, nami nimezihifadhi kichwani: "Darasa liendelee kila Jumamosi. Mwalimu naye ahudhurie." Mwalimu wa hisabati alinipa mkono. Alisema alikuwa na nia ya kusema kitu kuhusu kubebesha mipeasi lakini ameamua kuniachia.

Mchana huo nilishuka moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta uani, anaanika majani ya maharage. Kabla sijakaa nikamuuliza, habari ya fimbo na nyuki ilikuwa kweli au si kweli?

Mama alikaa chini, pale pale kwenye udongo, mikono kifuani, akacheka bila sauti.

"Kumbe uliamini?"

"Mama, nimeifundisha."

Nilipomwambia nimeitungia hadi mtihani, alinyoosha mkono nimpe maji. Alikunywa, akafuta uso kwa ncha ya khanga, na alipoongea tena hakuwa anacheka sana.

"Alikuwa anakusubiri," alisema. "Kila ukija likizo ulipokuwa chuoni, ukishaondoka ananiuliza, mke mwenzangu bado hajasema kitu kuhusu soksi? Namwambia bado. Anasema, muache, ni mzito lakini atafika. Aliziweka zile soksi makusudi, ili ushtuke. Hata alipokuwa mgonjwa wa mwisho aliniuliza."

Mimi, mtoto wa maswali, niliyepigishwa magoti kwa kumuuliza mwalimu alijuaje, bibi yangu sikumuuliza. Nilimwamini kabisa, na yeye alikuwa amekaa miaka yote ile akisubiri nimwambie kwamba anadanganya.

Jumatatu niliwahi shule kabla ya watoto, ukungu ukiwa bado chini. Nilikwenda nyuma ya ofisi, nikashika lile gogo lililolowa, nikahakikisha hakuna mtu.

"Bibi," nikasema, "mkusanya kodi gani anavaa soksi za njano?"