Mama Mikono na hoja ya kibarua chake

Saa tatu asubuhi, Spika bado hajaingia, na Mama Mikono amekwishasimama mbele ya kamera, pembeni mwa ukumbi wa Bunge, akinyoosha vidole. Amevaa nguo nyeusi tupu ili mikono ionekane vizuri. Ni mkalimani wa lugha ya alama, na jina hilo wabunge wenyewe ndio waliombandika.

Leo roho iko juu. Hoja iliyo mezani inauliza kama huduma yake, ambayo ilikuwa ya majaribio, iwe ya kudumu au ifutwe. Wa kuitafsiri ni yeye mwenyewe. Juu, kwenye roshani ya wageni, ameketi baba yake, fundi viatu asiyesikia tangu utotoni, pamoja na viziwi wenzake.

"Kazi hii inataka akili itulie," anasema Mama Mikono. "Mbunge akisema 'kwa hiyo', lazima nijue imetokana na nini. Hoja isiyo na kichwa wala miguu, mikono inakwama."

Haichukui muda. Mbunge mmoja mwenye sauti nzito anasimama.

"Mheshimiwa Spika, kabla ya huduma hii sikuwahi kupigiwa simu na kiziwi hata mmoja akilalamika. Kwa hiyo hawakuwa na shida!"

Mikono ya Mama Mikono inasita kidogo, kisha inayatoa maneno yale vilevile, kwa ukali uleule. Roshani nzima inaangua kicheko. Mzee anajishika mbavu.

"Nilitamani kumjibu," anasema Mama Mikono baadaye. "Lakini nikimpindishia yule maneno leo, kesho baba ataniamini vipi?"

Spika anawahoji wabunge: huduma iwe ya kudumu? Wengine "Ndiyo!", wengine "Siyo!", ukumbi unatikisika. Spika anatega sikio, kisha anatangaza: walioafiki wameshinda.

Wageni hawaruhusiwi kupiga makofi, basi viziwi wanapunga mikono yote miwili hewani, kimya kabisa. Askari anawatazama, anakuna kichwa, anawaacha. Mama Mikono machozi yanamlengalenga, na wala hajifichi.

Koridoni, baba hata pongezi hajatoa. Anauliza kwa vidole: "Mwanangu, wote walifungua vinywa. Spika amejuaje wengi ni wepi?"

"Amesikia, baba."

"Amesikia watu wengi, au sauti kubwa?"

Mama Mikono anacheka. Wiki ijayo, anasema, atamwona Katibu wa Bunge amwombe kura zipigwe kwa kunyoosha mikono.

"Nataka siku moja baba ayajue matokeo kabla sijamwambia."