Sufuria ya Ugali Juu ya Barafu

Mume wangu alipochimba bwawa dogo nyuma ya nyumba yetu huko Buffalo, Marekani, na kutia samaki wekundu, mama yangu aliuliza kila Jumapili: "Bon, basi, tutawakula lini?" Kwetu Kivu bwawa ni la kitoweo, si la kutazama.

Maji yalipoganda, nilimkuta mama ameweka sufuria yangu ya ugali, imejaa maji ya moto, juu ya bwawa, ili barafu itoboke na samaki wapate hewa. Nilifoka, sufuria kubwa ni hiyo moja tu. Kesho yake akarudia.

Barafu ilipoyeyuka, samaki wote walikuwa hai. Nikamchokoza: "Haya mama, mafuta yameshachemka."

Akanikata jicho. "Wewe unaweza kumkaanga mtu mliyemaliza naye baridi?"